Kumkabidhi Mtoto Sehemu Yake: Imani na Huduma katika Shule ya Kikatoliki

Mzazi wa Tanzania anapotafuta nafasi katika shule ya Kikatoliki, mara nyingi hutaja mambo matatu: nidhamu, ufaulu na maadili. Awe Mkatoliki, Mlutheri au Mwislamu, sababu zake hazitofautiani sana na za jirani yake. Shule nyingi zimeyatimiza mambo hayo kwa sifa. Majina kama St. Francis ya Mbeya na Marian ya Bagamoyo, zote za wasichana, yamezoeleka katika orodha za shule zinazofanya vizuri mtihani wa kidato cha nne, na mafanikio hayo ni tunda la kazi kubwa ya watawa na walimu walei.

Lakini Kanisa huanzisha shule kwa ajili ya jambo la nne, ambalo mzazi hulitaja mwishoni au husahau kulitaja kabisa: kumlea mtoto katika imani na kumzoeza kuwatumikia wengine. Jambo hili halina mtihani wa taifa. Matokeo yake huonekana baadaye, kijana anapokuwa chuoni au mtaani, pasipo kengele ya kumwamsha wala mlezi wa kuhesabu waliofika kanisani. Wapo wanaoendelea kusali, wanaojitolea katika jumuiya zao na kuwalea watoto wao katika njia hiyohiyo. Wapo pia waliojua sala zote kwa moyo, wakapata Kipaimara, wakaingia Misa bila kukosa kwa miaka minne, kisha wakaviacha vyote siku walipovua sare.

Tofauti hiyo inatoka wapi? Haitoshi kuilaumu simu ya mkononi au utandawazi, kwa sababu vijana wa makundi yote mawili wanaishi katika dunia moja. Hoja ya makala haya ni kwamba imani ya mtoto hudumu pale anapokabidhiwa sehemu yake halisi katika maisha ya jumuiya inayosali na kuhudumia, akiwa pamoja na watu wazima wanaofanya hayohayo mbele ya macho yake. Mafundisho ni ya lazima, na ratiba ya sala ni ya lazima. Ila vyote viwili, bila mtoto kuaminiwa wajibu wa kweli, humwacha akiwa mgeni ndani ya Kanisa lake mwenyewe.

Historia inavyotufundisha

Mwaka 1868 Mapadri wa Roho Mtakatifu, wakiongozwa na Padri Antoine Horner, walianzisha misheni Bagamoyo. Wakazi wake wa kwanza walikuwa kwa sehemu kubwa watoto waliokombolewa utumwani. Walifundishwa kusoma, kusali, kulima na ufundi wa aina mbalimbali. Katika misheni ile sala na kazi vilikwenda pamoja, na hilo ni jambo jema lililorithiwa na shule nyingi za bara. Upungufu wake ni kwamba karibu kila uamuzi ulikuwa mikononi mwa wamisionari. Mtoto alipokea makazi, imani na hata mpango wa maisha yake ya baadaye, lakini nafasi ya kuamua lolote aliipata kwa nadra.

Mfano wa namna nyingine ulitokea Buganda. Wamisionari wa Afrika walifika huko mwaka 1879, wakaondoka mwishoni mwa 1882 kwa sababu ya hali ya hatari, wakarudi katikati ya 1885. Kwa karibu miaka mitatu hapakuwa na padri. Waliobaki walikuwa waamini wachache, wengi wao vijana wa ikulu ya kabaka, wengine wakiwa bado wakatekumeni. Yosefu Mukasa Balikuddembe aliwaongoza katika sala na mafundisho. Alipouawa Novemba 1885, Karoli Lwanga akachukua nafasi yake. Denis Ssebuggwawo, kijana mdogo, aliuawa Mei 1886 baada ya kukutwa akimfundisha dini mwenzake. Usiku uliofuata Lwanga aliwabatiza wakatekumeni kadhaa, akiwamo Kizito aliyekuwa na umri wa miaka kama kumi na minne. Tarehe 3 Juni 1886 Kizito aliteketezwa kwa moto Namugongo pamoja na wenzake. Papa Paulo VI aliwatangaza mashahidi 22 wa Uganda kuwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964.

Kila Juni watoto wetu husikia habari za kifo chao. Yafaa wasikie pia jinsi walivyoishi kabla ya kifo hicho. Kizito na wenzake hawakuwa na darasa la dini lenye ubao na vitabu. Walikuwa na kundi dogo ambamo aliyejua zaidi alimfundisha asiyejua, mkubwa alimlinda mdogo, na kila mmoja alikuwa na la kufanya. Walipofika penye mtihani mkubwa, imani ilikuwa yao wenyewe, haikuwa ya padri aliyewaletea.

Somo la tatu ni la Tanzania huru. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilizitaifisha shule za madhehebu, na Kanisa likabaki zaidi na seminari zake. Malezi ya dini yalihamia katika kipindi cha dini ndani ya shule za Serikali, parokiani na katika vyama vya wanafunzi. Baada ya makubaliano ya mwaka 1992 kati ya Serikali na makanisa kuhusu elimu na afya, na marekebisho ya sheria ya elimu ya mwaka 1995, majimbo na mashirika ya kitawa yalifungua shule kwa wingi tena. Majengo yamerudi. Lakini miaka ile bila majengo ilionyesha kwamba mwanafunzi Mkatoliki anaweza kukua katika imani hata penye bendera ya shule ya Serikali, mradi ana wenzake wa kusali nao na mlezi anayewaamini. Shule mpya zenye kanisa zuri na uzio imara zisilisahau hilo.

Kanisa linaagiza nini

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake juu ya elimu la Oktoba 1965, ulisema wazi kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wao. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 ikarudia wajibu huo na kuwataka walimu washirikiane kwa karibu na wazazi. Kwa hiyo shule ya Kikatoliki ni msaidizi wa familia. Haijawahi kupewa ruhusa ya kuchukua nafasi ya familia, hata pale mzazi mwenyewe anapotamani kuikabidhi shule kila kitu baada ya kulipa ada.

Hati ya Vatikano ya mwaka 1977 kuhusu shule ya Kikatoliki iliongeza jambo zito: huduma ya elimu ya Kanisa iwaelekee kwanza maskini, waliokosa malezi ya familia na walio mbali na imani. Mwaka 1982 ilifuata hati kuhusu walei wanaofundisha, ikiwaita mashahidi wa imani shuleni. Kwa Afrika Mashariki ya leo, ambako walimu wengi wa shule za Kikatoliki ni walei, hati hiyo inagusa hasa. Mwalimu wa hisabati anayesahihisha madaftari kwa haki na kumheshimu mpishi wa shule anafundisha dini siku nzima. Anayefika Misa ya shule kwa sababu tu kuna orodha ya mahudhurio naye anafundisha, na watoto humwelewa vizuri sana.

Kuhusu uwezo wa mtoto mwenyewe, Papa Pio X alitoa uamuzi muhimu Agosti 1910. Kabla ya hapo mahali pengi mtoto alisubirishwa Komunyo ya Kwanza hadi umri wa miaka kumi na miwili au kumi na minne. Pio X aliagiza apokelewe anapofikia umri wa kutambua, yaani karibu miaka saba. Maana yake kwa malezi ni kubwa: mtoto wa darasa la pili ni mshiriki wa meza ya Bwana sasa, asihesabiwe kama mtu atakayekuwa Mkristo siku za usoni.

Maandiko Matakatifu yanathibitisha njia hiyo. Samweli alimtumikia Bwana hekaluni chini ya mzee Eli, na Biblia inaeleza kwamba wakati ule alikuwa bado hajamjua Bwana. Utumishi ulitangulia, na sauti ikamkuta akiwa kazini. Katika Injili ya Yohane, mikate mitano na samaki wawili vilivyoshibisha umati vilikuwa vya mvulana. Yesu angeweza kuwalisha watu bila chakula chake, ila alikipokea.

Kufundisha na kusalisha

Kipindi cha dini ndipo shule nyingi zinapoweka nguvu, na ndipo udhaifu wa mwanzo unapoonekana. Vizazi vingi vya Afrika Mashariki vilijifunza katekisimu kwa maswali na majibu, mtoto akikariri hadi jibu litoke bila kusita. Si haki kuidharau njia hiyo. Sala iliyokaririwa utotoni humrudia mtu akiwa hospitalini au msibani, wakati ambapo hana nguvu ya kutunga maneno yake. Tatizo huanza pale kukariri kunapokuwa mwisho wa safari, na Komunyo ya Kwanza au Kipaimara kuwa cheti cha kuhitimu. Mtoto aliyejibu maswali yote ya katekista bila kuruhusiwa kuuliza hata moja la kwake hubaki na maswali yake, akaja kujibiwa na yeyote atakayekutana naye kwanza.

Ipo njia ya kukamilisha kukariri. Mwaka 1954 huko Roma, Sofia Cavalletti na Gianna Gobbi walianza malezi ya kidini ya watoto wadogo yaliyojengwa juu ya mbinu za Maria Montessori. Watoto hupewa altare ndogo, kalisi ndogo, sanamu za mchungaji na kondoo, wakavishika na kuvipanga kwa utulivu huku wakisikia Neno la Mungu na kuuliza wanachotaka. Afrika Mashariki ina masista wengi waliosomea Montessori na shule za awali zinazofuata mbinu hiyo, kwa hiyo msingi tayari upo. Vifaa vinaweza kuchongwa na fundi seremala wa parokia. Kinachohitajika zaidi ni mlezi anayeamini kwamba mtoto wa miaka mitano anaweza kukaa kimya mbele ya Mungu kwa hiari yake.

Mwaka wa Kanisa nao ni mwalimu. Njia ya Msalaba kila Ijumaa ya Kwaresima, Mei ya Bikira Maria, Juni ya Moyo Mtakatifu, Oktoba ya Rozari, Novemba ya kuwaombea marehemu: mzunguko huo humpa mtoto kalenda ya moyo ambayo haitegemei mihula ya shule. Lakini mzunguko huu unaweza kuendeshwa kwa namna mbili. Katika shule moja, mwalimu wa zamu huongoza Rozari akiwa na fimbo kwapani na wanafunzi huitikia wakisinzia. Katika shule nyingine, wanafunzi wa darasa la sita ndio wanaoandaa nia za sala, wamezikusanya kwa wenzao tangu asubuhi, wanajua nani amefiwa na nani mama yake anaumwa, na ndio wanaoongoza. Rozari ni ileile na dakika ni zilezile. Kinachotofautiana ni nani ameaminiwa kazi.

Watoto wanaowalea watoto

Mang'amuzi bora ya Kanisa katika eneo hili yametoka katika vyama ambamo watoto wenyewe ni watendaji. Mwaka 1843 Askofu Charles de Forbin-Janson wa Nancy, Ufaransa, aliyekuwa akihangaikia watoto wa China, aliwaomba watoto wa nchi yake mambo mawili: Salamu Maria moja kila siku na sarafu ndogo kila mwezi. Hakuwaendea wazazi wao matajiri. Aliamini kwamba mtoto anaweza kumsaidia mtoto mwenzake, na kwamba sala na sadaka vikitengana vyote viwili hupungukiwa. Hapo ndipo lilipozaliwa Shirika la Utoto Mtakatifu, likafanywa kuwa la Kipapa mwaka 1922. Leo katika parokia na shule nyingi za Tanzania watoto wake wanaonekana wakiimba, wakicheza ngoma, wakikusanyika Sikukuu ya Watoto Mashahidi tarehe 28 Desemba. Swali la kuwauliza walezi wao ni kama nusu ya pili ya agizo la askofu yule ingali hai: je, watoto hawa wanajua sadaka yao imemfikia nani, na wamemwombea kwa jina?

Miaka kumi na mitatu baada ya ombi hilo la askofu, katika nyumba ya Mtakatifu Yohane Bosco huko Turin, mvulana aitwaye Dominiko Savio aliunda kikundi na wenzake mwaka 1856. Miongoni mwa kazi zao ilikuwa kuwa karibu na wavulana wageni na wale wakorofi, ili asiwepo anayebaki peke yake. Bosco mwenyewe alijenga malezi yake juu ya nguzo tatu: akili, dini na upendo, na aliwataka walezi wakae na vijana uwanjani, si ofisini. Lakini yapo mambo ambayo mtoto mgeni anayelia usiku bwenini atamwambia mwenzake tu. Savio alifariki mwaka 1857 akiwa bado hajatimiza miaka kumi na mitano, na akatangazwa mtakatifu mwaka 1954.

Kwa wanafunzi wa sekondari, chama kinachofahamika zaidi Tanzania ni TYCS, chama cha vijana wanafunzi Wakatoliki. Mbinu yake ya Ona, Amua, Tenda inatokana na Joseph Cardijn, padri wa Ubelgiji aliyefanya kazi na vijana wafanyakazi, na Papa Yohane XXIII aliipitisha rasmi katika waraka wake wa kijamii wa mwaka 1961. Wanafunzi huangalia jambo halisi linalowazunguka, hulipima kwa mwanga wa Injili, kisha huchukua hatua na kurudi kuitathmini. Mbinu hii ni kali kuliko inavyoonekana, kwa sababu ikitumiwa kwa uaminifu itaigusa shule yenyewe. Wanafunzi wakiona kwamba wanaochelewa kulipa ada wanatajwa mbele ya wenzao mstarini, wakapima jambo hilo kwa Injili, watafika kwa mkuu wa shule na pendekezo. Hapo ndipo shule hupimwa: je, inataka vijana wanaotenda kama Wakristo, au inataka kwaya nzuri ya siku ya mahafali?

Huduma inayolea na huduma ya maonyesho

Shule nyingi zina siku ya huduma kila mwaka. Basi hujazwa mchele, sabuni na sukari, wanafunzi huenda katika kituo cha yatima au cha wazee, hotuba husomwa, picha hupigwa, na jioni wote wamerudi. Moyo wa kutoa ni mwema na mchele unaliwa. Lakini mtoto aliyekwenda anajifunza nini? Mara nyingi anajifunza kwamba maskini ni watu wengine, wanaoishi mahali pengine, wanaotembelewa mara moja kwa mwaka na watu wenye sare safi. Na mtoto wa kituo, aliyepangwa mstari kupokea sabuni mbele ya kamera, hakuulizwa hata jina lake.

Huduma inayolea ina alama tatu. Ya kwanza ni kurudi. Wanafunzi wanne wanaomtembelea bibi mmoja mgonjwa kila Jumamosi, wakamchotea maji na kumsomea Injili ya Jumapili, watajifunza zaidi ya mia mbili waliokwenda na basi. Njia ya kuwafikisha kwake ipo tayari. Maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki, walipoamua, katika mikutano yao ya mwaka 1973 na 1976, kuzifanya Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo kuwa msingi wa maisha ya Kanisa katika nchi zetu, waliweka kila kaya karibu na macho ya majirani. Mwenyekiti wa jumuiya anajua nani ana shida. Shule inayofanya kazi na jumuiya za mtaa wake haitahangaika kutafuta mahitaji, na wanafunzi wataingia nyumbani kwa watu wakiongozana na mama au baba wa jumuiya, si kama watalii.

Alama ya pili ni kumgharimu mtoto kitu chake. Fedha iliyoombwa kwa mzazi ni sadaka ya mzazi. Sadaka ya mtoto ni muda wake wa kucheza, au maandazi aliyoyaacha wakati wa Kwaresima, au uvumilivu wa kumfundisha kusoma mwenzake wa darasa la tatu aliyebaki nyuma. Huduma za ndani ya shule hupuuzwa ingawa ndizo za kila siku: kumsukuma katika kiti cha magurudumu mwenzake asiyeweza kutembea, kumkaribisha mgeni, kusafisha vyoo kwa zamu bila kuvifanya adhabu. Hilo la mwisho linahitaji kusisitizwa. Shule inayomwadhibu mtoto kwa kumpeleka kufagia kanisa au kumwagilia bustani inamfundisha kwamba kutumikia ni fedheha, kisha Alhamisi Kuu inamsimulia jinsi Yesu alivyowaosha mitume miguu.

Alama ya tatu ni kuuliza kwa nini. Mwaka 1970, akizungumza na masista wa Maryknoll nchini Marekani, Mwalimu Nyerere, aliyewahi kufundisha St. Mary's Tabora na St. Francis Pugu, alilitaka Kanisa lishiriki katika kupinga mifumo inayowafunga watu katika umaskini, lisiishie kuwafariji. Mwanafunzi wa sekondari anaweza kuanza safari hiyo. Akishampelekea bibi maji kwa muhula mzima, atauliza kwa nini kisima cha mtaa kimeharibika, ni wajibu wa nani kukitengeneza, na barua inaandikwa kwa ofisi gani. Huruma imezaa haki, na uraia mwema umezaliwa hapohapo.

Mfano ulio karibu nasi ni shule ya sekondari ya St. Aloysius Gonzaga jijini Nairobi, inayohusishwa na Wajesuiti, iliyoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa ajili ya vijana wa Kibera walioathiriwa na UKIMWI katika familia zao. Wahitimu wake wa kidato cha nne hufanya huduma kwa jamii kwa miezi sita kabla ya kuendelea na masomo ya juu. Vijana ambao wangetazamwa na wengi kama wa kupokea misaada wamepangiwa kuwa watoaji. Shule zenye wanafunzi wa familia zenye uwezo zikisema huduma ndefu hivyo haiwezekani, zina la kujifunza kutoka Kibera.

Pamoja na hayo yote, mtoto ni mtoto. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inakataza kumtumikisha katika kazi za kinyonyaji, na shule haiwezi kuita huduma kile ambacho kwa kweli ni kibarua katika shamba la taasisi. Ulinzi wa mwili na utu wake ni sehemu ya malezi ya imani. Mwaka 2019 Papa Fransisko aliagiza kila jimbo liwe na njia iliyo wazi ya kupokea taarifa za unyanyasaji. Ni lazima kila mtoto wa shule ya Kikatoliki aijue njia hiyo kwa lugha anayoielewa, na asiachwe kamwe peke yake na mtu mzima mahali pa faragha kwa kisingizio cha sala au huduma.

Vikwazo vinavyohitaji ujasiri

Kikwazo cha kwanza ni mtihani. Muhula wa mwisho ukifika, kipindi cha dini huwa cha kwanza kufutwa, chama hukosa siku yake, na watahiniwa huondolewa zamu za huduma ili wasome. Hakuna anayetamka kwamba imani haina thamani, lakini mtoto anajua kuhesabu: kinachoachwa wakati wa shida ndicho kilichokuwa cha ziada. Wakuu wa shule wana shinikizo la kweli kutoka kwa wazazi na bodi. Hata hivyo nusu saa ya sala na huduma kwa wiki haijawahi kuwa sababu ya mtoto kufeli.

Kikwazo cha pili ni kiboko. Kenya iliondoa adhabu hiyo shuleni mwaka 2001, wakati kanuni za Tanzania bado zinairuhusu kwa masharti. Kinachoruhusiwa na kanuni si lazima kiwe kinachofaa katika shule yenye msalaba getini. Samaki mkunje angali mbichi, husema wanaotetea fimbo kwa aliyekosa Misa. Methali inazungumzia wakati wa kulea, haisemi kitu juu ya kuchapa. Mtoto anayechapwa kwa ajili ya Mungu huanza kumwogopa Mungu kama anavyomwogopa mwalimu wa zamu, na woga wa namna hiyo huisha siku anapotoka getini.

Cha tatu ni ada. Shule za Kikatoliki zinazofundisha kwa Kiingereza zimekuwa mzigo hata kwa watumishi wenye mshahara, wakati agizo la 1977 linaziweka karibu na maskini. Gharama za walimu, mabweni na kodi ni za kweli, na bila ada shule hufungwa. Lakini ufadhili wa watoto wachache wa parokia, mfuko unaochangiwa na wazazi wenye uwezo na wahitimu, au ushirika wa kudumu na shule ya Serikali ya jirani, ni mambo yanayowezekana. Mtoto hawezi kujifunza kuwatumikia maskini katika shule ambayo maskini hawezi kuikanyaga.

Cha nne ni watoto wa imani nyingine, ambao kwa kweli ni fursa. Sheria ya Kanisa inakataza kumshurutisha mtu kuingia imani Katoliki, na Katiba ya Tanzania inalinda uhuru wa dini. Mwanafunzi Mwislamu aheshimiwe mfungo wake wa Ramadhani na asilazimishwe kushiriki ibada asiyoiamini. Katika huduma, hata hivyo, watoto wote husimama sawa. Wanafunzi wa dini mbili wanaobeba ndoo moja ya maji kumpelekea mgonjwa hujifunza kuhusu ujirani wa Watanzania jambo ambalo hakuna kitabu cha uraia kinachoweza kulimaliza.

Cha tano ni bweni na umbali wa wazazi. Mwaka 2023 Serikali ya Tanzania ilizuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali maalumu. Shule za dini zingepaswa kulipokea agizo hilo kwa furaha, kwa kuwa linamrudishia mlezi wa kwanza nafasi yake. Mtoto wa miaka saba ajifunze ishara ya msalaba mkononi mwa mama yake. Na kwa walio bwenini, likizo isiwe likizo ya imani: barua fupi kwa wazazi inayoeleza mtoto amekuwa akifanya huduma gani, na kuwaomba wamsaidie kuiendeleza katika jumuiya ya nyumbani, haigharimu chochote.

Wajibu ulio mbele

Tukiyaweka pamoja, tunaona kwamba shule ya Kikatoliki haipungukiwi vipindi wala vyama. Inapungukiwa mara nyingi imani kwa watoto wenyewe. Tunawafundisha kuhusu Kizito, ambaye alikuwa na umri wa kidato cha kwanza au cha pili alipokufa kwa ajili ya Kristo, kisha hatuwaamini kuandaa sala ya asubuhi. Tunawasimulia mvulana mwenye mikate mitano, kisha tunawaomba wazazi fedha ya mchele.

Mabadiliko yanaweza kuanza muhula ujao bila bajeti mpya. Kila mtoto, tangu darasa la awali, apewe wajibu mmoja wa kweli unaoonekana usipotimizwa. Kila kikundi cha huduma kiwe na mtu mmoja au kaya moja ya kuirudia mwaka mzima, kupitia jumuiya ya mtaa. Walimu nao washiriki huduma hiyo, mkuu wa shule akiwa wa kwanza, ili mtoto asione kwamba kutumikia ni kazi ya wadogo. Chama cha wanafunzi kilindiwe saa yake hata wiki ya mitihani. Kazi ya dini isitumike kama adhabu, na fimbo isikaribie sala. Wazazi waitwe shuleni kusikiliza watoto wao wakieleza walichoona, walichoamua na walichotenda, kama wanavyoitwa kupokea ripoti ya masomo.

Bodi za shule, mashirika ya kitawa na majimbo yajiulize swali moja kila mwaka na kulijibu kwa ukweli: katika mwaka huu, ni jambo gani katika maisha ya imani ya shule yetu lingekwama kama watoto wasingelifanya? Penye jibu refu, imani ya watoto hao ina nafasi nzuri ya kuishi baada ya sare. Pasipo na jibu, kazi ya malezi bado haijaanza, hata kama matokeo ya mtihani ni ya kwanza kitaifa.